Shimo la Buibui

Karibu na mji wa Burra, Australia Kusini, kuna malisho ya nyasi fupi yasiyo na mti wa maana. Ukipiga magoti na kupekuapekua, utaona tundu la mviringo, upana wake kama sarafu, limeshuka wima kana kwamba fundi alitumia timazi. Mwenye kazi ni buibui. Si yule wa utando wa darini. Huyu huishi ardhini, huchimba punje kwa punje, kisha huupaka ukuta hariri yake usimporomokee. Kwangu mimi yeye ndiye fundi wa habari hii, ingawa sifa zote zimemwendea mpangaji.

Mpangaji ni mjusi, wa ukoo wa hao tunaowaita mjusi islamu. Ukiacha mkia, ana urefu wa sentimita 10 hivi: kichwa kipana, mwili mrefu, vijiguu vifupi. Shimo la buibui lililoachwa linamtosha kama ala na kisu. Jua likipanda hutokeza kichwa tu, akaota joto, akangoja. Panzi akipita karibu, mjusi huchomoka, humdaka, na kurudi. Akiona kivuli cha ndege, hushuka kinyumenyume na tundu linabaki tupu. Kazi yake kubwa ni kungoja, na anaijua.

Mtaalamu Mjerumani Wilhelm Peters, aliyewahi kukusanya wanyama huko Msumbiji, ndiye aliyempa jina la kisayansi mwaka 1863. Baada ya 1959 mjusi huyo hakuonekana tena, watu wakadhani ametoweka. Oktoba 1992 nyoka alikutwa amekufa barabarani karibu na Burra. Alipopasuliwa, mjusi alikuwa tumboni.

Maskani yake mengi yalikuwa yamelimwa kwa trekta. Kondoo hula nyasi, mashimo yakabaki. Plau huyafukia yote kwa mkupuo mmoja, na buibui hachimbi mengine kwa siku moja.

Basi watafiti wakajaribu kuiga. Walichukua vipande vya mbao vya mviringo, vyenye urefu wa sentimita 30, wakavitoboa kwa keekee, wakavipigilia ardhini hadi mdomo ukalingana na udongo. Kwa vifaa vyote hivyo walipata kile ambacho buibui hukitengeneza gizani kwa meno na miguu. Mijusi wakahamia.

Kuwakagua, huingizwa kamera nyembamba, mfano wa ile ambayo madaktari hutumia kutazama tumbo. Inashuka, inashuka, mpaka unatokea uso mpana ukiitazama. Mwishoni mwa kiangazi cha huko, mama huweza kukutwa na watoto, mmoja hadi wanne, aliowazaa hai, wamebanana naye humo humo. Baada ya wiki chache hutoka, kila mmoja na njia yake nyasini, akichungulia tundu hili na lile, akitafuta lisilo na mwenyewe.