Spoku 36

Fundi huyu wa Majengo, mjini Dodoma, ana jiriwa moja aliyoifunga kwenye kisiki chini ya mwarobaini. Ameibana ekseli humo, na juu yake imekaa habu ya gurudumu la nyuma la TVS, imeoshwa kwa mafuta ya taa mpaka inang'aa. Ringi ya zamani ilipindwa na shimo kwenye njia ya Hombolo, bodaboda akiwa amepakia zabibu. Ringi mpya iko juu ya gunia.

Anaanza kusuka. Spoku ni 36, kila upande wa habu 18. Nusu anazipitisha kutoka ndani ya habu kwenda nje, nusu kutoka nje kwenda ndani, zikipishana kama ukili wa mkeka. Nati anazishikiza kwa vidole tu, na spana haigusi kabisa. Ukiwahi kukaza, anasema, ringi inavutwa upande mmoja na kuirudisha ni kazi.

Nikimtazama, nilikuwa naiwaza Norton, kampuni ya pikipiki ya Uingereza. James Lansdowne Norton aliianzisha Birmingham mwaka 1898. Ikatamba kwenye mbio za Kisiwa cha Man, kisha ikaanguka, ikainuka, ikaanguka tena. Aprili 2020 ilinunuliwa kwa pauni milioni 16, na mnunuzi ni TVS ya India, jina lile lile lililoandikwa kwenye tangi la pikipiki hii ya kubebea zabibu. Kiwanda kipya kikafunguliwa Solihull, jirani na Birmingham. Habari hii ilinigusa, nami nikamsimulia fundi. Akauliza jambo moja tu: hizo Norton zina spoku? Nikamwambia Commando, iliyotoka mwaka 1967, ilitembelea spoku. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea.

Sasa ndipo anachukua spana. Anakaza kila nati robo mzunguko, anazunguka gurudumu zima, anaanza upya. Kisha anashika kipande cha chaki karibu na ringi na kulizungusha gurudumu. Chaki inaacha alama pale tu ringi inapoyumba. Ikigusa kulia, analegeza kidogo spoku za kulia, anakaza za kushoto. Alama ya kwanza ilikuwa ndefu kama kiganja. Ya sita ilikuwa nukta. Mimi ningeishia hapo. Yeye akaifuta kwa kidole gumba, akazungusha tena.

Mwishowe anapitisha mpini wa bisibisi kwenye spoku, moja baada ya moja, ameinamisha sikio. Moja ikalia nzito kuliko wenzake. Akairudia.

Ncha zilizochomoza ndani ya ringi anazisaga kwa tupa zisije zikatoboa tyubu, anazipapasa kwa kidole kuhakikisha, anavisha ukanda wa mpira. Adhuhuri imeshapita. Mwenye pikipiki amesinzia juu ya kreti, na fundi bado hajamwamsha. Anataka kulizungusha mara moja zaidi.