Mshale Usio na Kitenzi: Uhakiki wa Ubao wa Kuchorea Mipango ya Wingu

Miongoni mwa vyombo vya kazi vilivyoenea sana maofisini tangu mwaka 2020, wakati maradhi ya Uviko-19 yalipowatawanya watumishi majumbani mwao, kimojawapo ni ubao mweupe uonekanao katika kioo cha kompyuta. Watu kumi walioko katika miji kumi huutazama kwa wakati mmoja. Kila mmoja hubandika vikaratasi vyake, huchora visanduku na mishale, na pengine hufuta alichochora mwenziwe. Miro, ulioanza mwaka 2011 kwa jina la RealtimeBoard na kupewa jina lake la sasa mwaka 2019, ni ubao wa namna hiyo. Mural na Lucidchart ni nyingine, na FigJam ilitokea mwaka 2021. Katika miaka hii ya karibuni mbao hizi zimeongezewa akili mnemba (wengine huiita akili unde, na wengine akili bandia, ugomvi wa jina una mahali pake). Mtu huandika sentensi mbili tatu za kueleza mfumo autakao, na ubao humchorea mfumo huo kabla hajamaliza kikombe chake cha chai.

Wazihakikio mbao hizi kwa kawaida hutazama wepesi wake na bei yake. Hayo ni mambo ya mnunuzi. Kwa mtu wa lugha liko swali jingine, nalo halijaulizwa vya kutosha: maneno yanapogeuzwa kuwa mchoro, ni sehemu gani ya maneno ivukayo, na ni sehemu gani ibakiayo ng'ambo? Jibu lake, kama itakavyoonekana, ni kwamba nomino huvuka zote salama, vitenzi huvuka vimekatwa viungo, na ukanushi hauvuki kabisa.

Kwanza yafaa kukumbuka ya kuwa neno wingu lenyewe, kwa maana hii mpya, lilizaliwa katika mchoro. Mafundi wa simu na wa mitandao ya kompyuta, walipotaka kuchora sehemu ya mtandao ambayo mambo yake ya ndani hayakuwahusu, walikuwa wakichora umbo la wingu na kupitisha mistari yao kuingia upande mmoja na kutoka upande wa pili. Wingu lilikuwa alama ya kusema, "Humu ndani hamna haja ya kutazamwa." Kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha hifadhi na nguvu za kompyuta zake kwa watu wengine, alama ile ikageuka kuwa jina la biashara, na Kiswahili kikalitafsiri neno kama kilivyolikuta. Kwa hiyo apangaye kazi ya wingu huanza kazi yake akiwa amekwisha kupewa, ndani ya jina lenyewe, ruhusa ya kutotazama ndani. Hapo ndipo ubao unapopaswa kumsaidia, na hapo ndipo unapomponza.

Chukuliwe mfano. Iwapo maktaba mojawapo ya pwani inayo miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, nayo inataka kuipiga picha yote na kuziweka picha hizo katika wingu, wakuu wake wataketi na mafundi na kusema maneno kama haya: picha zipelekwe hifadhini usiku tu, kwa sababu mchana intaneti ni nzito, msomaji aonyeshwe picha ndogo, wala asipewe picha kubwa mpaka mkutubi amruhusu, nakala ya akiba isiwekwe katika jengo moja na picha za asili, na hifadhi isipojibu, mashine ya kupigia picha isifute kitu. Maneno hayo yakiingizwa katika ubao wenye akili mnemba, kutatokea mchoro mzuri wa kupendeza: kisanduku cha mashine ya picha, kisanduku cha hifadhi, kisanduku cha nakala ya akiba, kisanduku cha orodha ya miswada, sanamu ya msomaji na sanamu ya mkutubi, na mishale mitano au sita kati yao. Hakuna kitu kilichotajwa ambacho hakikuchorwa. Lakini atazamaye mchoro bila ya kuyasikia maneno hawezi kujua ya kwamba picha huenda usiku, wala kwamba msomaji husubiri ruhusa, wala kwamba kuna jambo lililokatazwa.

Ubaya si wa mchoraji. Mshale ni alama maskini. Kiswahili, kwa mzizi mmoja wa -andika, kinaweza kusema kwamba mashine yaiandikia hifadhi, au yaandikiwa nayo, au zaandikiana, au hifadhi yaandikishwa na mtu wa tatu asiyeonekana. Kauli ya kutenda, ya kutendea, ya kutendwa, ya kutendana, ya kutendesha: kila moja ni mpango tofauti wa kazi, na kila moja ina gharama yake na hatari yake. Mifumo miwili itegemeanayo huanguka pamoja. Mfumo utegemewao huweza kusimama peke yake. Katika ubao vyote hivi ni mshale ule ule. Mwenye kuuchora amekusudia jambo moja, mwenye kuutazama ameelewa jingine, na wote wawili wametikisa vichwa kukubaliana.

Nyakati na hali za kitenzi ndizo zipoteazo zaidi. Hu- ya mazoea, -ki- ya sharti, -nge- ya jambo lisilokuwapo, na zaidi ya zote -sipo-, ambayo ndiyo kiungo chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mazungumzo ya mafundi. Isipojibu, itakuwaje? Isipofika, nani ataarifiwa? Mchoro wa visanduku husimulia siku njema tu. Ukanushi hauna umbo. Kutokuwako kwa mstari baina ya visanduku viwili kwaweza kuwa na maana ya "havihusiani", au "hatukukumbuka", au "ni marufuku", na jicho haliwezi kupambanua.

Atakayedhani ya kuwa huku ni kutafuta makosa kwa darubini ya sarufi, na atazame mambo ya Strasbourg. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud katika mji huo wa Ufaransa, jengo lililoitwa SBG2, na kuunguza sehemu ya jengo la jirani yake. Wateja wengi walikuwa na nakala za akiba mahali pengine, wakarudi kazini. Wengine hawakuwa nazo. Kampuni ya Facepunch, itengenezayo mchezo uitwao Rust, ilitangaza kwamba data za seva zake za Ulaya zilizokuwa huko hazikuweza kurudishwa. Wako pia wateja waliolipia nakala za akiba, kisha wakakuta ya kwamba nakala hizo zilikuwa zimeungua pamoja na asili zake. Mmoja wao alikwenda mahakama ya biashara ya Lille, na mwezi wa Januari 2023 mahakama hiyo iliamuru alipwe zaidi ya euro 100,000. Na shauri lake lilizunguka maneno ya mkataba yaliyosema kwamba nakala itatengwa na seva. Itatengwa: kitenzi kimoja, katika kauli ya kutendwa, bila ya kutaja nani atenge, wala kwa umbali gani.

Sasa yafikiriwe jinsi mpango wa mteja kama huyo ungeonekana katika ubao. Kisanduku cha seva upande wa kushoto, kisanduku cha nakala upande wa kulia, nafasi nyeupe katikati. Hiyo nafasi nyeupe ndiyo idanganyayo, kwa maana jicho la mwanadamu huisoma kuwa ni umbali. Katika karatasi vitu viwili vimetengana kwa upana wa kiganja. Katika ardhi vimelala chumba kimoja.

Si kwamba wachoraji wa zamani hawakuliona jambo hili. Herman Goldstine na John von Neumann, walipotoa mwaka 1947 taarifa yao juu ya kupanga kazi za kompyuta, walichora michoro ya mtiririko yenye visanduku vya namna mbalimbali, na mojawapo ya namna hizo ilikuwa ni kisanduku cha madai, ambacho hakikufanya kazi yoyote ila kueleza ni jambo gani lazima liwe kweli kazi ifikapo pale. Kwa lugha ya sarufi, walikipa kitenzi nyumba yake. Lugha ya michoro iitwayo UML, iliyopitishwa kuwa kanuni mwaka 1997, nayo ina mistari ya aina nyingi, wa nukta nukta na mzima, wenye kichwa wazi na kichwa kilichofungwa, kila mmoja na maana yake. Simon Brown, katika utaratibu wake uitwao C4, huwahimiza watu waandike maneno juu ya kila mstari. Elimu hii basi ipo. Lakini UML ni ngumu kujifunza, na ubao mweupe ulipendwa kwa sababu haudai kujifunza chochote. Wepesi ule ule uliowaleta watu ubaoni ndio uliowaachisha alama zenye maana.

Akili mnemba imeongeza jambo juu ya hilo, na yafaa lielezwe linavyotendeka. Mitambo hii mara nyingi haichori kwa mkono, kama mtu afikirivyo; huandika matini fupi katika lugha ya michoro, mathalan lugha iitwayo Mermaid, iliyoanzishwa mwaka 2014, na programu nyingine huigeuza matini hiyo kuwa picha. Katika matini hiyo mshale ni vistari viwili na alama ya ncha, na pembeni yake pana nafasi ya kuandika maneno, ila nafasi hiyo si ya lazima. Kwa hiyo kitenzi hakikukatazwa; kimefanywa kuwa pambo. Zaidi ya hayo, mtambo umefunzwa kwa maandishi na michoro mingi ya watu wengine, na palipo na pengo katika maelezo ya mtu huweka kile kilicho cha kawaida mahali kama pale. Maktaba ya mfano wetu yaweza kujikuta ina kigawa mzigo cha kuhudumia maelfu ya wasomaji kwa dakika, ijapokuwa wasomaji wake ni arobaini kwa mwezi. Kilichotakwa na kilichobahatishwa huchorwa kwa wino mmoja na unene mmoja. Fundi achoraye kwa chaki, asipokuwa na hakika, mkono wake husita na mstari wake hupinda, na wenziwe humwuliza. Mchoro wa mtambo haupindi mahali popote, na watu hawaulizi.

Hata hivyo itakuwa ni dhuluma kuzilaumu mbao hizi bila ya kuzisifu zinapostahili. Kukusanya vikaratasi mia mbili vya mkutano na kuvipanga kwa mafungu ni kazi iliyokuwa ikimla karani alasiri nzima, na mtambo huifanya vyema kiasi cha kutosha. Tena iko kazi moja ambayo wengi hawaitumii, nayo ndiyo bora kuliko zote: kuugeuza mwendo, yaani kumpa mtambo mchoro uliokwisha chorwa na kuutaka uusome kwa sentensi kamili. Hapo hapana pa kujificha. Sentensi ya Kiswahili haisimami bila ya kitenzi au mfano wake, na mtambo ukilazimika kusema jinsi mashine ya picha inavyohusiana na hifadhi, hauna budi uchague: yaipelekea, yaiomba, yaingoja. Utakosea mara nyingi. Na kila ukosapo, mtu mmoja mkutanoni atasema, "La, si hivyo," na neno hilo la kukanusha ndilo lililokuwa halina nafasi katika mchoro. Kosa lililosemwa husahihishwa. Kosa lililochorwa hujengwa.

Laiti mbao hizi zingechukua mwendo huo kuwa ndio kazi yao ya kwanza, badala ya kujivunia wepesi wa kuchora, uhakiki huu ungekuwa mfupi.

Liko jambo la mwisho lihusulo Kiswahili chenyewe. Wafanyao kazi hizi Nairobi na Dar es Salaam huzungumza mkutanoni kwa Kiswahili kilichochanganywa, lakini juu ya ubao huandika Kiingereza kitupu, kwa kudhani kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu na hayaenei katika visanduku. Kwa nomino dhana hiyo ina ukweli. Hifadhidata ni neno refu. Kwa vitenzi ni kinyume. Neno moja, huipelekea, lina mazoea, mtendewa na mwelekeo, nalo laenea juu ya mshale bila ya taabu. Isipoijibu ni sharti zima la mkataba katika neno moja. Kizuizi cha kweli kiko kwingine: seva, programu, akaunti, data na hifadhi zote zimeingia katika ngeli ya i- na zi-, na kiambishi cha nafsi hakiwezi tena kupambanua ni ipi iandikayo na ni ipi iandikiwayo. Lakini hapa mshale, maskini kama ulivyo, unacho kile kitenzi kilichokosa, kwa sababu mkia wake waonyesha mtenda na ncha yake mtendewa. Mkutubi wa mfano wetu aweza basi kuandika hutuma-usiku juu ya mshale mmoja na haimpi-mpaka juu ya mwingine, na mchoro ukasomeka. Atakwama penye sharti la tatu, la nakala na asili kutokaa jengo moja, kwa kuwa baina ya visanduku hivyo viwili hapana mshale wa kuandika juu yake. Na katika mafurushi ya alama yatolewayo na mbao hizi, pamoja na mamia ya picha za huduma za wingu, mstari wa kukataza si alama ya kawaida. Itambidi auchore mwenyewe, kwa rangi nyekundu, na kuandika pembeni: zisilale pamoja.