Panya wa Friza na Mlo wa Chatu

Mfugaji wa nyoka ni mpishi asiyeruhusiwa kuivisha. Panya anatoka kwenye friza amekauka kwa barafu, na kazi ya fundi ni kumrudishia joto alilokuwa nalo akiwa hai, basi. Likipungua, nyoka hamjali. Likizidi, tumbo la panya hupasuka. Katika mwanya huo mwembamba umo ufundi ninaouheshimu, ingawa najua wengi wetu tulilelewa kumwona nyoka na kutafuta fimbo.

Tumchukue Python regius, chatu mfupi, mnene, ambaye akiogopa hujikunja na kuficha kichwa katikati ya mwili wake. Uingereza na Marekani anafugwa majumbani kwa wingi, lakini kwao ni Afrika, kuanzia Senegali hadi Uganda, na maelfu kwa maelfu wamesafirishwa nje kupitia Ghana, Togo na Benin. Kwao huingia kwenye mashimo ya panya, gizani, na hapo macho hayamsaidii sana. Humsaidia ulimi unaokusanya harufu, na vijishimo vilivyo kwenye midomo yake vinavyohisi joto. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya David Julius, San Francisco, walionyesha kuwa protini iitwayo TRPA1, ileile inayotufanya sisi tuhisi ukali wa haradali, ndiyo inayowapa chatu na nyoka wengine wenye vijishimo uwezo huo. Sasa mpe mnyama wa namna hiyo panya aliyeyeyuka barafu lakini bado ni baridi. Atampita.

Kwa hiyo kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kulisha. Mfugaji huchagua panya ambaye unene wake haupiti sana sehemu nene ya mwili wa nyoka, humfunga ndani ya mfuko wa plastiki, kisha humhamisha kutoka friza kwenda kwenye friji, alale humo. Wenye haraka humwacha mezani. Nje hulegea na bakteria wakaanza kuzaana, ndani kungali barafu. Wenye haraka zaidi hutumia mikrowevu, nayo hupasha ovyo: paja limeiva, kifua bado baridi, na mara tumbo limefumuka. Harufu yake sitaielezea.

Kesho yake mfuko huzamishwa kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, yasiyochemka, na maji hubadilishwa yakipoa. Hapa saa haisaidii kitu, kwa sababu panya hawalingani. Kinachosaidia ni kidole. Fundi hubonyeza tumbo taratibu akitafuta kiini kigumu. Akikikuta, panya anarudi majini. Tumbo likilegea lote, ngozi ikafika nyuzi 38 hadi 40 hivi, panya hutolewa na kufutwa akilowa, maana manyoya mabichi hunasa takataka za sakafuni. Wapo wanaopuliza kichwa cha panya kwa mashine ya kukaushia nywele ili kiwe na joto kuliko mwili, kwa kuwa chatu hupenda kulenga kichwa. Kwangu mimi hao ndio mafundi hasa.

Kisha koleo ndefu, kwa sababu mkono wenye joto na harufu ya panya, kwa hesabu za chatu, ni panya. Mfugaji humtikisa panya kidogo. Chatu huruka, huuma, hujizungusha, na humkaba maiti kwa bidii zote.

Wapo wanaoshikilia kwamba panya hai ndiye chakula halali cha nyoka. Siwaungi mkono. Panya hai ana meno, na nyoka asiye na njaa aliyefungiwa naye anaweza kutoka na vidonda vibaya. Na chatu huyu hukosa njaa mara nyingi. Anaweza kususa kwa wiki, hata miezi, akiwa mzima kabisa. Akisusa, panya aliyepashwa hutupwa, hagandishwi tena. Akila, aachwe siku mbili bila kushikwashikwa, na upande mmoja wa makazi yake uwe na joto la nyuzi 32 hivi, la sivyo mlo unaweza kurudi ulikotoka.

Ugumu wa mwisho unatuhusu sisi. Friza haiui salmonela, na Uingereza na Marekani kote watu wameugua kwa maambukizi yaliyofuatiliwa hadi kwa panya wa kugandishwa. Ndiyo maana mfugaji makini ana chombo maalumu cha kazi hii, hakigusi sinki la jikoni, na hunawa kwa sabuni kila amalizapo. Ukialikwa chakula kwenye nyumba yenye chatu, uliza mapema bakuli lipi ni la nani.