Watu Ishirini Waundavyo Mashine Moja

Kila anayefundisha uhandisi wa mitambo anaijua hofu ya kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho mradi wa kundi: wawili watafanya kazi, waliobaki wataandika majina. Ndiyo maana wahadhiri wengi huona salama kumpa kila mwanafunzi mradi wake, au kuwaweka wawili wawili. Chuo cha MIT, Marekani, kimeshika njia nyingine. Katika somo lake la 2.009, linalohusu uundaji wa bidhaa, wanafunzi hugawanywa katika timu zenye majina ya rangi, kila timu ikiwa na watu takriban ishirini. Septemba wanaanza bila hata wazo. Desemba wanapanda jukwaa la ukumbi wa Kresge na kifaa kinachofanya kazi, mbele ya umati. Profesa David Wallace aliliongoza somo hilo kwa miaka mingi, na mpangilio wake unafaa kuchunguzwa.

Kwanza, tazama mawazo yanavyochujwa. Timu haichagui wazo wiki ya kwanza na kuling'ang'ania mpaka mwisho. Hugawanyika nusu mbili, kila nusu ikaleta mawazo kadhaa, nayo yakapunguzwa hatua kwa hatua hadi timu nzima inapokutana kwenye wazo moja. Mapema kabisa hutengenezwa vielelezo vya maboksi, povu, mbao na chochote kilicho karibu. Havikusudiwi kufanana na bidhaa. Kazi yake ni kujibu lile swali ambalo jibu lake likiwa baya, wazo zima limekufa.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe: mashine ya kupukuchua mahindi inayozungushwa kwa mkono. Mwanafunzi aliyezoea kuanzia kwenye kompyuta atachora fremu ya kupendeza, achague rangi, kisha Novemba agundue kwamba mtumiaji anachoka kabla ya debe kujaa. Swali la kufa na kupona hapa ni nguvu ya mkono, na linapimika siku ya kwanza kwa kipande cha bomba, misumari, mpini na mizani ya kuning'iniza. Mpini ukiwa na urefu wa sentimita 25 na mizani ikasoma kilo 8 gunzi linapozunguka, nguvu ya kuzungusha ni karibu nyutoni-mita 20. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, hizo ni wati zaidi ya 120. Mkulima wa kawaida hataweza kutoa wati hizo kwa mikono saa nzima. Basi wazo libadilike: mizunguko ipungue, meno ya kupukuchulia yapangwe upya, au miguu ichukue kazi kwa pedali. Uamuzi huo umegharimu misumari tu. Ungefanywa baada ya fremu kuchomelewa, ungegharimu muhula.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoiona nzito zaidi, nayo ni maungio. Mashine ikigawanywa kwa vikundi vidogo, kila kikundi hupenda kipande chake na kusahau mpaka wake na jirani. Wa fremu wakiongeza tundu la beringi kutoka milimita 20 hadi 25 bila kumwambia anayekereza shafti, vipande vyote viwili vitakuwa safi, vimepimwa vizuri, na havitashikana. Timu za 2.009 huwachagua wenzao wawili kuwa waunganishi wa mfumo, wenye jukumu la kuona picha nzima na kuhakikisha vipande vinakutana. Wengine hushika fedha na kumbukumbu. Halafu ratiba ina tathmini ya kuunganisha vipande wiki kadhaa kabla ya onyesho, hivyo hitilafu za mipakani hufichuka muda wa kuzirekebisha ukiwapo.

Na yule anayeandika jina tu? Kila mwanafunzi hutunza daftari lake la usanifu, linalosahihishwa, na wanatimu hutathminiana. Uvivu hauishi kabisa, lakini unaonekana.

Mpangilio huu una gharama. Kila timu hupewa maelfu ya dola, huwa na wakufunzi wake, na karakana zina mafundi wa kuwasimamia wanafunzi. Idara yenye mashine moja ya kukereza na fundi mmoja haiwezi kuunakili wote, wala haina haja. Kilicho na thamani zaidi ndani yake hakinunuliwi: swali gumu kujibiwa kwanza kwa vitu vya bei ndogo, kila ungio kuwa na mtu anayejulikana kwa jina, na vipande kuunganishwa mapema. Wahadhiri mnaopanga miradi ya mwaka ujao, anzeni na timu moja ya watu sita, na mdai kielelezo cha maboksi kabla ya mchoro wowote wa kompyuta.