Mkono wa Griffo

Pietro Bembo alikuwa mshairi na msomi wa Venice, na uzeeni akawa kadinali. Hata hivyo, wasanifu wengi wa vitabu wanalijua jina lake kwa fonti ambayo hakuichonga yeye. Alichofanya ni kuandika De Aetna, kitabu chembamba kuhusu safari yake ya kupanda mlima wa volkano wa Etna, kisiwani Sicily. Aldus Manutius alikichapa Venice mwaka 1496. Herufi zilitoka mkononi mwa Francesco Griffo, fundi wa Bologna.

Kazi yenyewe ilitaka jicho kali na subira. Griffo alichonga kila herufi kwenye ncha ya kijiti cha chuma cha pua, akiigeuza kulia kushoto kama inavyoonekana kwenye kioo. Chuma kilitiwa moto kikakaza, kisha kikagongwa juu ya kipande cha shaba kiache alama. Humo ndimo ilimomiminwa risasi iliyoyeyushwa, ikatoka herufi ya kupangwa. Tupa ikizidi kidogo tu, kijiti kimeharibika.

Angalia herufi e. Katika herufi za Nicolas Jenson, aliyechapa Venice tangu 1470, kistari chake kimepanda upande, kama kalamu ilivyokipeleka. Griffo alikilaza sawasawa. Tena alizifanya herufi kubwa ziwe fupi kidogo kuliko shingo za b na l, ndiyo maana hazichomozi katikati ya mstari na jicho hupita bila kukwama. Huo ni uamuzi wa fundi anayemfikiria msomaji. Miaka ya 1530, wachongaji wa Paris, Claude Garamond akiwemo, walikuwa wakifuata nyayo zake.

Ni Griffo pia aliyechonga hati mlazo iliyotumika katika toleo la mashairi ya Virgil ambalo Aldus alilichapa mwaka 1501. Aldus alimsifu humo kwa jina, lakini haki ya kuitumia hati hiyo alijiombea yeye mwenyewe kwa watawala wa Venice. Griffo akahamia Fano, kwa mchapaji Gershom Soncino, ambaye mwaka 1503 alitangaza kitabuni ni nani hasa aliyezichonga herufi za Aldus.

Mwaka 1929 kampuni ya Monotype ya Uingereza, ikishauriwa na Stanley Morison, ilizifufua herufi za De Aetna na kuziita Bembo. Miaka hiyohiyo, Giovanni Mardersteig, mchapaji wa Verona, alimpa Charles Malin kazi ya kuzichonga upya kwa mkono kutoka kitabu kilekile. Fonti yake aliiita Griffo.