Paka wa Jukwaani na Paka wa Sinema

Mchezo wa nyimbo uitwao Cats ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 11 Mei 1981, nao haukuondolewa jukwaani pale mpaka tarehe 11 Mei 2002, yaani baada ya miaka 21 kamili. Mjini New York ulidumu tangu mwaka 1982 hata mwaka 2000. Msingi wake ni kitabu kidogo cha mashairi ya paka alichokitoa T. S. Eliot mwaka 1939, na muziki wake ulitungwa na Andrew Lloyd Webber. Mwezi wa Desemba 2019 mchezo huo ulitolewa kwa umbo la filamu, ukiongozwa na Tom Hooper na kuigizwa na watu mashuhuri kama Judi Dench, Ian McKellen, Idris Elba na Jennifer Hudson. Wahakiki wengi waliicheka, watazamaji waliikimbia, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo 6 za dhihaka za Golden Raspberry, mojawapo ikiwa ya filamu mbaya kupita zote. Nyimbo karibu zote ni zile zile, na paka ni wale wale. Basi swali linalostahili kuulizwa ni hili: kitu kilichopendwa kwa miaka 21 kiliwezaje kuchekwa kwa muda usiofika saa mbili?

Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba kazi ya kompyuta ilifanywa kwa haraka. Waigizaji walipigwa picha bila manyoya, kisha manyoya, masikio na mikia vikachorwa juu ya miili yao kwa kompyuta. Katika nakala za kwanza mkono wa Judi Dench ulionekana dhahiri kuwa ni mkono wa mwanadamu, pete kidoleni, na siku chache baada ya filamu kutolewa majumba ya sinema yalipelekewa nakala iliyorekebishwa. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi. Kama ugonjwa ungalikuwa katika mkono ule, dawa ile ingaliuponya. Nakala ya pili ilifika, na kicheko kikabaki pale pale.

Inafaa kwanza kuangalia paka wa jukwaani walikuwa nini. John Napier, aliyebuni maleba na mandhari, aliwavika wachezaji nguo za kubana zilizotiwa rangi, nywele za bandia na nyuso zilizopakwa. Hakuna aliyeficha kwamba mtu ni mtu. Jukwaa lilikuwa jaa la takataka zilizofanywa kubwa kupita kiasi ili mchezaji aonekane mdogo kati yake, na paka walipenya hata katikati ya viti vya watazamaji. Gillian Lynne, aliyetunga dansi, aliwafundisha kugeuza shingo, kukunja bega na kutulia ghafula kama paka anayesikiliza. Mtazamaji aliona mambo mawili kwa wakati mmoja, mtu na paka, na furaha yake ilitokana na kuyashika yote mawili pamoja.

Wanaisimu wamefundisha tangu siku za Saussure kwamba ishara haidaiwi kufanana na kitu inachokiashiria. Neno paka halina sharubu wala mkia, na hata hivyo kila alisikiaye humwona paka. Hata nyau, neno linalojaribu kuiga mlio wake, huiga kwa kadiri sauti za Kiswahili zinavyoruhusu. Kinachoipa ishara nguvu ni mapatano ya watumiaji wake. Maleba ya Napier yalikuwa ishara ya namna hiyo: rangi usoni na mkia nyuma vilitosha, kwa sababu watazamaji walikwisha kupatana na mchezaji. Msimulizi wa ngano za Waswahili hufanya vivyo hivyo. Yeye husema "Paukwa", nao hujibu "Pakawa", na kwa neno hilo moja wamekwisha kutoa idhini. Tangu hapo Sungura atanena, atakopa, atamdanganya Fisi, wala hakuna mtoto atakayeuliza masikio yake marefu yako wapi.

Filamu ya mwaka 2019 haikuomba idhini, ilileta ushahidi. Kila unywele umechorwa na kila sikio linatikisika, lakini pua, midomo na vidole ni vya mtu. Aletewaye ushahidi hugeuka kuwa hakimu, na hakimu hana budi kuhoji. Kwa nini paka huyu amevaa koti juu ya manyoya yake? Kwa nini akilivua anaonekana kuwa yu uchi? Kwa nini kimo cha paka hubadilika toka onyesho moja hadi jingine, leo akilingana na kijiko, kesho na kiti? Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Jennyanydots, aliyeigizwa na Rebel Wilson, ambaye hufundisha panya na mende adabu njema. Jukwaani mende hao ni dansi ya wachezaji wenzake, na mzaha unaishia hapo. Katika filamu panya wamepewa nyuso za watoto na mende nyuso za watu, kisha paka huyo huwatafuna baadhi ya mende hao. Mtazamaji anaona watu wakiliwa, na mzaha umegeuka kuwa karaha.

Hooper alikuwa na sababu ya kuiamini njia yake. Katika Les Misérables ya mwaka 2012 aliwaimbisha waigizaji papo hapo mbele ya kamera, na uso wa Anne Hathaway, ulioletwa karibu mno, ukampatia mwigizaji huyo tuzo ya Oscar. Walakini njia ile ilitegemea uso mtupu wa mwanadamu. Jennifer Hudson anapoimba kwa namna ile ile, machozi yake ni ya kweli na masikio yake ni ya kuchorwa, na jicho halijui limwamini nani.

Haki inadai mema yatajwe pia. Ian McKellen, akiwa Gus, paka mzee aliyekuwa mwigizaji, anafaulu vizuri: sauti na mabega vinafanya kazi yote, na kwa dakika chache manyoya yanasahaulika. Naye Francesca Hayward, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1992 na kuwa mchezaji mkuu wa Royal Ballet mwaka 2016, ana mwendo wa kupendeza kila anapoachiwa nafasi. Lakini haachiwi mara nyingi. Victoria wake, ambaye jukwaani husema kwa dansi, amepewa wimbo mpya uliotungwa na Taylor Swift na Lloyd Webber, kueleza yale ambayo mwili wake ulikwisha kuyaeleza, na kamera hukatiza dansi yake kabla haijakamilika.

Huenda mtu akatetea kwamba sinema kwa tabia yake hudai uhalisi. Historia haikubaliani naye. Bert Lahr alikuwa simba katika The Wizard of Oz ya mwaka 1939 kwa vazi la ngozi na uso uliopambwa, naye anapendwa hata leo. Mchezo wa Cats wenyewe ulirekodiwa katika ukumbi wa Adelphi mjini London na kutolewa kwa video mwaka 1998, ukiwa na maleba ya jukwaani, na watu wakaununua na kuutunza. Kinyume chake, mwaka 2024 ulionyeshwa mjini New York uitwao Cats: The Jellicle Ball, wahusika wakiwa wanadamu washindanao kwa dansi na mavazi, bila manyoya ya paka, nao ukasifiwa sana.

Kugeuza mchezo kuwa filamu ni aina ya tafsiri. Mfasiri wa neno kwa neno huweza kuhamisha kila neno na bado akaacha maana nyuma. Filamu hii ilihamisha nyimbo, majina na mikia, ikayaacha mapatano. Jambo hili linawahusu pia wale wanaotaka kuzitia ngano za Kiswahili katika sinema, maana vyombo vya kuchora manyoya vinazidi kuwa rahisi kupatikana. Kabla ya kuuliza Sungura atakuwa na sura gani, hawana budi kuuliza ni wapi katika filamu yao mtazamaji atapata nafasi ya kuitika "Pakawa".