Mkono wa Fundi Bodi

Ukitaka kumjua fundi bodi, usimpime kwa gari alilolimaliza jana. Rangi mpya huficha mengi, na puti huficha zaidi. Mtafute kwenye gari lililokaa juu ya mawe miaka mingi, masika yakalibabua rangi na jua likamalizia. Hapo kila kiraka kiko wazi, kila riveti inahesabika, na bila kuuliza utajua nani alifanya kazi kwa subira na nani alikuwa anakimbizana na jioni.

Gari la namna hiyo liko Levolosi, Arusha, uani kwa watu, si mbali na pilikapilika za soko la Kilombero. Ni Land Rover Series II, ile ndefu iitwayo 109. Taa zake kubwa zimekaa katikati, kwenye shoo ya mbele, kama zilivyokuwa kabla kiwanda hakijazihamishia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Mimi ninayo ya aina hiyohiyo, bado inatembea, na nilifika pale kutafuta mlango. Nilikwenda na mzee anayeitunza yangu, fundi niliyemkuta na nyundo mkononi tangu nilipoanza kumiliki gari.

Mlango hakuutazama. Aliinama na nyundo ndogo akaanza kugonga chasisi, kutoka nyuma kuja mbele, sikio likiwa karibu na chuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti butu. Chasisi ya Land Rover ni boksi, mabati ya chuma yaliyochomelewa pande nne yakaacha uwazi katikati. Tope likishaingia humo halitoki, na kutu huanza ndani muda mrefu kabla jicho halijaona kitu nje. Chini ya mlango wa abiria alirudia kugonga, akasogea kidogo, akagonga tena, kisha akachora alama mbili kwa chaki. Ugonjwa wote ulikuwa kati ya alama hizo.

Bodi nayo ina mambo yake. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndiyo maana gari likavikwa alumini. Wengi tunasifia kwamba alumini haishiki kutu kama chuma. Ni kweli, lakini fundi bodi anaijua adha yake. Inapogusana na chuma, unyevu ukapenya katikati, huliwa na kubaki unga mweupe. Tena ukiigonga inakakamaa, na ukizidi kuigonga inapasuka. Lazima ilainishwe kwa moto, na moto wenyewe una hatari: chuma kikipata joto huiva, kikawa chekundu, ukajua umefika wapi, lakini alumini haikuonyeshi rangi yoyote mpaka inapoyeyuka na kudondoka miguuni pako. Dawa yake ni sabuni ya mche. Unaipaka juu ya bati, unapitisha moto wa gesi polepole, na sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi, unaondoa moto. Bati limelainika, sasa linakubali nyundo.

Kazi hiyo niliiona kwenye madigadi ya kushoto ya gari lile. Yaliwahi kugongwa vibaya. Aliyeyanyoosha aliyapiga kwa ndani, pigo dogo karibu na pigo dogo, mpaka umbo likarudi. Ukipitisha kiganja unayahisi mawimbi ambayo macho hayayaoni. Puti hamna hata kidole. Pale palipopasuka amekata kiraka cha alumini, akakiviringa kona ili zisianzishe ufa mwingine, akakishika kwa riveti zilizopangwa kwa nafasi sawa. Upande wa kulia alipita mtu mwingine: bati la chuma, riveti tatu za haraka, na unga mweupe umelizunguka lote. Mzee alikaa muda mrefu upande wa kushoto. Hakumtambua aliyeifanya kazi ile, ila alisema huyo alifundishwa na mtu.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na msafara wake ulijaza barabara kwa mamia ya magari. Nilijivunia sana. Hata hivyo sifa zilikwenda kwa magari na kwa sisi tunaoyaendesha, si kwa mafundi. Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile la zamani tarehe 29 Januari 2016. Tangu hapo, na hata kabla, zile za zamani zinazopanda kuelekea Momella au Ngorongoro zinapanda kwa mikono ya watu wa gereji za mitaani. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na ningependa mzee huyu apewe cheti chake. Ningependa zaidi apate vijana wawili wa kukaa naye, kwa sababu ile sauti butu ya chasisi hufundishwa kwa kusikilizishwa.

Mlango sikuuchukua. Mzee anasema gari linafufuka: akate kati ya zile alama mbili, aingize boksi jipya, kisha injini itazamwe. Tunaongea bei na mama mwenye gari. Sharti langu kwa mzee ni moja, na amelikubali kabla sijamaliza kulisema: rangi itapigwa gari zima, lakini madigadi ya kushoto yasiguswe na puti.